Seti ya Kihisabati na Miundo ya Data ya Kompyuta: Tatizo la Usawa katika Kuhesabu Maneno ya Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inaeleza uhusiano uliopo kati ya seti kama inavyofasiliwa katika hisabati na miundo ya data ambayo kompyuta huitumia kuhifadhi na kuchakata taarifa. Hoja inayojengwa ni kwamba muundo wa data unaoitwa seti haurithi sifa za seti ya kihisabati kwa sababu tu ya kushiriki jina. Unaahidi kuwa na sifa hizo, na ahadi hiyo inategemea kanuni iliyoteuliwa ya kuamua ni lini vitu viwili vihesabiwe kuwa kitu kimoja. Mifano imetolewa katika uchakataji wa kongoo la Kiswahili, hasa maneno yenye ritifaa.

Maneno ya msingi: seti, miundo ya data, usawa, kongoo, kidahizo

1.0 Utangulizi

Rasimu ya kwanza ya sura ya nne ya tasnifu yangu ilikuwa na jedwali la maneno yaliyopatikana katika mkusanyo mmoja wa hadithi simulizi na kukosekana katika mkusanyo mwingine. Mikusanyo yote miwili ilihusu maisha ya wafugaji. Jedwali lilitokana na programu fupi niliyoiandika kwa lugha ya Python: kila mkusanyo uligeuzwa kuwa seti ya maneno, kisha memba wa seti ya pili wakaondolewa katika seti ya kwanza. Miongoni mwa maneno ambayo programu ilidai hayamo kabisa katika mkusanyo wa pili lilikuwa neno ng'ombe. Nilikuwa nimekwisha kuandika aya mbili za kufafanua tofauti ya msamiati wa ufugaji baina ya mikusanyo hiyo kabla sijaufungua mkusanyo wa pili na kumkuta ng'ombe katika ukurasa wa kwanza.

Nilipolipitia jedwali upya niliona kwamba ng'ombe hakuwa peke yake. Alikuwa pamoja na ng'ambo, aling'ata, waking'oa, iking'ara na kung'amua, maneno ambayo hayana undugu wa maana wala wa kategoria. Kilichoyaunganisha ni ritifaa. Mkusanyo wa kwanza ulichapwa kwa ritifaa iliyonyooka, ile inayopatikana kwenye kibao cha herufi. Wa pili ulipitia programu ya kupangia kurasa, nayo ikaigeuza kila ritifaa kuwa iliyopinda. Kwa jicho la msomaji, neno ni lile lile. Kwa kompyuta, alama ya kwanza ina namba 39 na ya pili ina namba 8217 katika mfumo wa Unicode, na kwa hiyo ng'ombe wa mkusanyo mmoja na ng'ombe wa mkusanyo mwingine ni maneno mawili yasiyojuana.

Ni rahisi kuliita hili kosa la uchapaji na kuliacha hapo. Hata hivyo, nadharia ya seti haikukosea, na programu nayo ilifanya kile ilichoamriwa. Kosa lilikaa mahali ambapo dhana ya kihisabati inakabidhiwa kwa mashine, na mahali hapo ndipo makala hii inapopachunguza. Suala hili linawahusu watafiti wa isimu na fasihi kwa sababu tasnifu nyingi sasa zina majedwali ya idadi ya maneno, na mtahini anayesoma idadi hiyo hana njia ya kuipima asipojua ni nini kilichohesabiwa kuwa neno moja.

2.0 Seti katika hisabati

Nadharia ya seti iliasisiwa na Georg Cantor, mwanahisabati aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Halle nchini Ujerumani, kupitia makala zilizoanza kuchapishwa mwaka 1874. Katika maelezo yake ya mwaka 1895 aliieleza seti kuwa ni mkusanyiko wa vitu vilivyo bainifu na vinavyotofautiana, vinavyofikiriwa kwa pamoja kama kitu kimoja kizima. Kwa mahitaji yetu, jambo la kuzingatia katika maelezo hayo ni sharti la kutofautiana. Cantor anadai kwamba vitu viwe vimekwisha kutofautishwa kabla ya kuingizwa katika seti. Hasemi ni nani atakayevitofautisha wala kwa kipimo gani. Katika hisabati ukimya huo hauna madhara makubwa, kwa kuwa namba 3 na namba 5 hazihitaji mtu wa kuamua kama ni namba moja au mbili. Katika lugha una madhara.

Ukinzani uliogunduliwa na Bertrand Russell mwaka 1901, kuhusu seti ya seti zote zisizokuwamo ndani yake zenyewe, uliwalazimu wanahisabati kuachana na wazo kwamba sifa yoyote ile inaweza kuunda seti. Ernst Zermelo alitoa misingi rasmi mwaka 1908. Mmoja wa misingi hiyo unatosha kwa mjadala huu: seti mbili zenye memba wale wale ni seti moja. Seti haina kitu kingine chochote kinachoitambulisha zaidi ya memba wake. Kiswahili kina maneno mepesi kwa uhusiano huu, limo na halimo, na kwa kweli swali pekee ambalo seti inaweza kujibu ni hilo la kuwamo.

Tuchukue methali haba na haba hujaza kibaba. Kama mfuatano wa maneno, ina maneno matano. Kama seti, ina memba wanne: haba, na, hujaza, kibaba. Neno haba likishakuwamo haliwezi kuwamo mara ya pili, kwa maana swali la kuwamo lina majibu mawili tu. Vivyo hivyo, hakuna memba wa kwanza wala wa mwisho. Tukiandika kibaba, hujaza, na, haba tutakuwa tumeandika seti ile ile. Seti haina mahali ilipo na haina wakati. Tukiongeza neno la tano, ile ya awali haijabadilika hata kidogo. Tumetaja seti nyingine ambayo, kwa lugha ya hisabati, ilikuwapo tangu mwanzo.

Kama seti haijui mpangilio, mpangilio hupatikanaje katika hisabati? Kazimierz Kuratowski alionesha mwaka 1921 kwamba jozi yenye mpangilio inaweza kujengwa kwa seti pekee: jozi ya a na b ni seti yenye memba wawili, mmoja akiwa ni seti yenye a peke yake na mwingine seti yenye a na b. Kutokana na muundo huo tunaweza kujua ni kipi kilichotangulia. Jozi zikishapatikana, mfuatano wowote unaweza kuandikwa kama seti ya jozi. Methali yetu inakuwa seti ya (1, haba), (2, na), (3, haba), (4, hujaza) na (5, kibaba). Sasa memba ni watano, kwa sababu (1, haba) na (3, haba) ni jozi tofauti ingawa neno ni moja. Kwa njia hiyo hiyo, jedwali, mti wa sentensi unaochorwa na wanasintaksia, na hata kamusi nzima, vyote vinaweza kuelezwa kama seti. C. A. R. Hoare alitumia mtazamo huu mwaka 1972 alipoeleza miundo ya data kwa kutumia dhana za kihisabati kama vile jozi, muungano, na seti ya seti ndogo zote.

Kutokana na hayo, baadhi ya vitabu vya utangulizi huishia kusema kwamba miundo ya data ni seti tu zilizovikwa mavazi mengine. Kauli hiyo ni kweli upande mmoja. Katika hisabati seti ndiyo msingi, na mpangilio hujengwa juu yake kwa jitihada. Katika kompyuta mambo yako kinyume chake: mpangilio ndio msingi, na seti hupatikana kwa kuuficha.

3.0 Jinsi kompyuta inavyojifanya kuwa na seti

Hifadhi ya kompyuta ni safu ndefu ya nafasi zenye namba. Kila kinachohifadhiwa kina anwani. Nakala mbili za neno haba hukaa katika anwani mbili, na kwa hiyo kila wakati kuna ya kwanza na ya pili, hata kama mtumiaji hazioni. Kifaa cha namna hii kinafaa sana kwa orodha. Hakikuumbwa kwa ajili ya seti. Mwandishi wa programu anayetaka seti analazimika kufanya kazi mbili: kuzuia marudio, na kujibu swali la kuwamo bila kufichua mpangilio uliomo chini.

Njia ya wazi ni kuwa na orodha na kuipitia yote kila neno jipya linapokuja. Njia hii haina kosa la kimantiki, ila ni ya taratibu mno: kongoo lenye maneno tofauti elfu mia moja lingedai ulinganishaji unaofikia elfu mia moja kwa kila swali moja la kuwamo. Lugha ya Pascal, iliyotolewa na Niklaus Wirth mwaka 1970, ilikuwa na aina ya data iitwayo seti, na kwa kawaida ilitekelezwa kwa namna nyingine: kila kitu kinachoweza kuwa memba hupewa biti moja, ambayo ni 1 kikiwamo na 0 kisipokuwamo. Hapa kompyuta inaikaribia hisabati kuliko mahali pengine popote, kwa sababu muungano wa seti mbili na makutano yake hupatikana kwa kuunganisha biti kwa biti. Lakini njia hii inawezekana pale tu ambapo vitu vyote vinavyowezekana vinajulikana mapema na ni vichache. Vitenzi vya Kiswahili pamoja na viambishi vyake vyote si vichache.

Njia inayotumika zaidi leo, na ndiyo iliyo nyuma ya seti za Python, ni ile ya heshi, ambayo wazo lake linapatikana katika waraka wa Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM wa mwaka 1953. Tufikirie ukuta wa masanduku ya posta. Kwa kawaida mtu hupewa namba ya sanduku na karani. Katika heshi hakuna karani: namba ya sanduku hukokotolewa kutokana na jina lenyewe. Kanuni fulani huzichukua namba za herufi zote za neno, huzichanganya kwa hesabu maalumu na kutoa namba moja, nayo ndiyo inayoonesha sanduku. Ukitaka kujua kama neno kibaba limo, unakokotoa namba yake, unakwenda kwenye sanduku hilo moja na kutazama. Huna haja ya kupita kwenye masanduku mengine. Maneno mawili tofauti yanaweza kuangukia sanduku moja, na hapo hulinganishwa moja kwa moja. Hilo ni jambo dogo. Jambo kubwa ni sharti la upande wa pili: vitu vinavyohesabiwa kuwa sawa lazima vitoe namba moja. Vikitoa namba tofauti, programu itakwenda kwenye sanduku jingine, italikuta tupu, na kwa uaminifu wote itajibu kwamba neno halimo. Hivyo ndivyo ng'ombe alivyopotea katika jedwali langu.

Sharti hilo lina matokeo ambayo humshangaza mtu aliyetoka darasa la hisabati. Kitu kinachoweza kubadilishwa baada ya kuhifadhiwa hakifai kuwa memba wa seti ya namna hii, kwa kuwa kikibadilika namba yake nayo hubadilika, na kinabaki katika sanduku ambalo hakuna atakayelifungua tena kukitafuta. Ndiyo maana Python hukataa orodha kuwa memba wa seti. Hukataa pia seti ya kawaida kuwa memba wa seti nyingine, na imetoa aina ya pekee, iliyogandishwa, kwa ajili ya kazi hiyo. Katika hisabati seti ya seti ni jambo la kila siku; namba zenyewe hujengwa hivyo, kwa kuanza na seti tupu. (Kuhusu seti tupu, anayeandika mabano mawili ya mawimbi katika Python akidhani ameiandika hupata kamusi tupu. Mabano hayo yalikuwa yamekwisha kupewa kamusi kabla seti hazijaingizwa katika kiini cha lugha hiyo mwaka 2004.)

Chanzo cha tofauti hiyo ni wakati. Seti ya kompyuta huongezwa memba asubuhi na kupunguzwa jioni, na bado programu huiita kwa jina lile lile. Kwa hiyo kompyuta ina maswali mawili pale ambapo hisabati ina moja: je, hiki na kile vinalingana kwa yaliyomo, na je, hiki na kile ni kitu kimoja kilichomo katika anwani moja? Mtafiti anayetengeneza nakala ya orodha yake ya maneno kwa kuipa jina la pili tu, kisha akafuta baadhi ya maneno katika ile anayoiita nakala, atakuta yamefutika katika orodha ya awali pia. Seti ya Cantor haiwezi kufanya hivyo.

Kuna pia suala la ukubwa, ambalo nitaligusia kwa ufupi. Seti ya kompyuta inayoorodhesha memba wake lazima iwe na mwisho. Seti isiyo na mwisho, au iliyo kubwa mno, huwakilishwa na kanuni inayojibu swali la kuwamo bila kuhifadhi memba. Vichanganuzi vya mofolojia ya Kiswahili, kama mfumo wa SALAMA ulioandaliwa na Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, ni seti kwa maana hii pia: vinaweza kulikubali umbo kama wasingalikwishasomeshana bila umbo hilo kuwahi kuandikwa katika orodha yoyote.

4.0 Mfuko, ambao si seti wala orodha

Mwaka 1970 E. F. Codd, akiwa katika kampuni ya IBM, alichapisha makala iliyopendekeza kwamba hifadhidata zijengwe juu ya dhana ya kihisabati ya uhusiano, yaani seti ya mifuatano yenye urefu mmoja. Katika pendekezo hilo safu mlalo mbili zinazofanana kabisa hazina nafasi, kwa kuwa ni memba mmoja. Lugha ya SQL iliyotokana na pendekezo hilo haikulifuata kwa ukamilifu. Majedwali yake na majibu yake huruhusu marudio, na anayetaka seti halisi hana budi kuomba kwa neno maalumu kwamba marudio yaondolewe. Sababu ilikuwa ya kiutendaji: kuyaondoa marudio kunahitaji kupanga au kulinganisha safu zote, na kazi hiyo ina gharama.

Kinachobaki baada ya kuruhusu marudio bila kujali mpangilio huitwa mfuko. Katika mfuko wa methali yetu haba imo mara mbili na maneno mengine yamo mara moja moja. Mfuko nao unaweza kuelezwa kihisabati, kwa kuambatisha namba ya kuhesabia kwa kila memba wa seti. Kwa maoni yangu hii ndiyo dhana ambayo isimu kongoo inaihitaji zaidi na kuitaja kwa nadra zaidi. Anayehesabu mara ambazo neno limetokea anafanya kazi na mfuko. Anayehesabu maneno tofauti anafanya kazi na seti. Anayechunguza maneno yanayoandamana anahitaji mfuatano. Nimesoma kazi ambazo huhama kutoka moja kwenda nyingine ndani ya aya moja, na neno "maneno" likabeba maana tatu bila onyo. Uwiano kati ya maneno tofauti na jumla ya mitokeo, ambao mara nyingi hutolewa kama kipimo cha utajiri wa msamiati, ni mgawanyo wa ukubwa wa seti kwa ukubwa wa mfuko. Kosa lolote katika usawa wa maneno huingia katika namba ya juu na kuiacha ya chini kama ilivyo, na kipimo kinapanda bila msamiati kuongezeka.

5.0 Usawa

Tumefika kwenye kiini. Katika ritifaa pekee nimezikuta alama nne ndani ya matini za Kiswahili: namba 39 iliyonyooka, namba 8217 iliyopinda ya kufungia, namba 8216 ya kufungulia, na namba 700, ambayo Unicode huihesabu kuwa herufi na si alama ya uandishi. Usanifishaji wa kawaida wa Unicode hauziunganishi, kwa kuwa kwa mtazamo wa mfumo huo hizo ni alama tofauti kweli. Mtafiti anayeandika katika sura ya mbinu kwamba matini zake zilisanifishwa kwa Unicode, akaamini kwamba suala limekwisha, bado ana ng'ombe wanne.

Hatari kubwa zaidi ni ya programu inayokata neno kwenye ritifaa. Hapo ng'ombe huwa ng na ombe, na mtafiti hugundua upesi, kwa kuwa ombe si neno alilolitarajia. Lakini ng'oa huacha oa, na ng'amua huacha amua. Hayo ni maneno halali ya Kiswahili, tena ya kawaida. Kitendo cha kung'oa kinahesabiwa katika safu ya ndoa, na hakuna kitu chochote katika jedwali kinachopiga kelele.

Herufi kubwa nazo zina mtego wake. Ukizigeuza zote kuwa ndogo, neno linaloanza sentensi huungana vizuri na nduguze, ila Baraka, Imani na Neema, ambayo ni majina ya watu, humezwa na nomino za kawaida. Ukiziacha, kila neno lililowahi kuanza sentensi linahesabiwa mara mbili.

Hisabati inatoa kipimo cha kukagua kanuni yoyote ya usawa. Ili kanuni iweze kugawa vitu katika mafungu ambayo kila kitu kimo katika fungu moja tu, inapaswa kutimiza masharti matatu: kila kitu kilingane na chenyewe, kama a inalingana na b, basi b ilingane na a, na kama a inalingana na b, na b na c, basi a ilingane na c. Mafungu hayo yakipatikana, ndiyo yanayokuwa memba wa seti tunayoihesabu. Kidahizo cha kamusi si kingine ila fungu la namna hii lililopewa mwakilishi: anasoma, walisoma na tutasoma wamo katika fungu moja, na soma ndiyo jina la fungu. Kama somesha liingie humo au liwe na fungu lake ni uamuzi wa mwanaleksikografia, si wa kompyuta, na kamusi hutofautiana.

Sharti la kwanza linaonekana kuwa la bure, lakini kompyuta hulivunja. Kiwango cha IEEE 754 cha mwaka 1985 kinachosimamia namba za desimali kina thamani maalumu yenye maana ya "si namba", nayo hailingani hata na yenyewe. Katika majedwali ya data za uwandani nafasi tupu mara nyingi hujazwa thamani hiyo, na nafasi mbili tupu zinaweza kuhesabiwa kama majibu mawili tofauti. Kwa upande mwingine, Python huhesabu 1, 1.0 na thamani ya kweli kuwa memba mmoja.

Sharti la tatu ndilo linalovunjwa na watu. Ili kuunganisha tahajia zinazokaribiana, baadhi ya programu huyahesabu kuwa sawa maneno yanayotofautiana kwa herufi moja. Kata na kati hutofautiana kwa herufi moja. Kati na kiti pia. Kata na kiti hutofautiana kwa herufi mbili. Kukaribiana hakurithiwi kama kulingana kunavyorithiwa, na kwa hiyo hakuna mafungu yanayopatikana: ama kiti kiwe na kata katika fungu moja kwa sababu ya kati, na mnyororo uendelee hadi viti na mbali zaidi, ama idadi itegemee ni neno lipi lililosomwa kwanza. Katika hali hii ya pili, kongoo lile lile likipangwa kwa utaratibu mwingine linatoa idadi nyingine ya maneno. Namba kama hiyo haiwezi kuitwa ukubwa wa seti.

Njia ninayoipendelea ni ya umbo wakilishi. Badala ya kulinganisha maneno mawili mawili, kila neno hupitishwa katika kanuni inayolipa umbo moja tu, na maneno mawili huhesabiwa kuwa sawa pale maumbo yao wakilishi yanapokuwa sawa. Masharti yote matatu hutimia yenyewe, kwa kuwa yanarithiwa kutoka usawa wa maumbo. Sharti la heshi nalo linatimia, mradi namba ya sanduku ikokotolewe kutokana na umbo wakilishi, na si kutokana na neno kama lilivyochapwa.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo njia hii hailiponyi. Kaa wa pwani, kaa la moto na kaa la kitenzi ni maneno matatu yenye herufi zile zile, kama ilivyo kwa paa. Ritifaa ililigawa neno moja kuwa mawili. Hapa maneno matatu yameungana kuwa moja. Wanaleksikografia wamelitatua tatizo hili kwa kuambatisha namba ndogo kwenye vidahizo, yaani kaa ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kihisabati, hizo ni jozi zenye mpangilio, na huo ni ujanja ule ule uliotuwezesha kuzitenganisha haba mbili za methali. Tofauti ni kwamba namba za methali zilitokana na mahali neno lilipokaa, ambapo mashine inapaona. Namba za kaa hutokana na maana, na mtu ndiye anayepaswa kuzitoa.

6.0 Marekebisho ya jedwali

Katika rasimu ya pili kanuni ya usawa imeandikwa kwa maneno katika sura ya mbinu, kabla ya idadi yoyote kutajwa. Ritifaa zote nne hugeuzwa kuwa moja. Ritifaa yenye herufi pande zote mbili ni sehemu ya neno. Iliyo mwanzoni au mwishoni mwa neno ni alama ya kunukuu na huondolewa. Herufi kubwa hugeuzwa ndogo isipokuwa katika majina niliyoyaorodhesha kwa mkono. Maneno yenye umbo moja na maana tofauti yameachwa pamoja, na msomaji ameelezwa hivyo, kwa kuwa kuyatenganisha katika mikusanyo yote miwili kungehitaji kusoma kila mtokeo.

Baada ya hapo ng'ombe amehamia kwenye makutano ya seti mbili, pamoja na wenzake wote wenye ritifaa. Tofauti ya msamiati iliyobaki baina ya mikusanyo ni ndogo kuliko niliyoidai, na haiwezi kubeba hoja iliyokuwa imejengwa juu yake. Aya zile mbili nimezifuta.

Suala moja bado liko wazi mbele ya msimamizi wangu. Wasimulizi katika mkusanyo wa kwanza husema n'takuja na n'kamwona, na mhariri wa mkusanyo wa pili ameandika nitakuja na nikamwona kila mahali. Kanuni yangu huyaacha kuwa maneno tofauti. Nikiyaunganisha, nitapoteza ushahidi wa matamshi ambao sura ya tano inauhitaji. Nikiyaacha, tofauti ya seti itakuwa imepima mkono wa mhariri pamoja na ulimi wa msimulizi. Kwa sasa nimetoa majedwali mawili, kila moja likiwa na kanuni yake juu.